UZI: Mtoto anasoma nyumbani kwa kufuata hamu yake, jimbo linadai karatasi. Tunafanyaje New York na Pennsylvania?

KalamuYaMwanzi

Wakuu, salaam. Dada zangu na kaka zangu mlioko Marekani, maswali juu ya jambo hili yamekuwa mengi, na majibu yanayotolewa huku na kule yanachanganya sheria za majimbo. Tuliweke hapa pamoja.

Tunazungumzia kusomesha nyumbani bila ratiba ya darasa. Mtoto anajifunza kupitia anachokipenda, kazi za nyumbani, maktaba, bustani, safari na mazungumzo; mzazi anamtafutia vifaa, watu na nafasi. Wamarekani wanaita anskulingi, jina lililoenezwa na mwalimu wa zamani John Holt kupitia jarida aliloanzisha mwaka 1977.

Kusomesha nyumbani ni halali katika majimbo yote 50. Lakini kwa New York na Pennsylvania, anskulingi si kundi la pekee kisheria. Wewe ni mzazi anayesomesha nyumbani, sawasawa na jirani anayefuata kitabu ukurasa kwa ukurasa, na mnadaiwa karatasi zilezile. Sheria inauliza: umetoa taarifa? Masomo yaliyotajwa yanapata muda wake? Kuna ushahidi kwamba mtoto anasonga mbele? Haiulizi kama alikaa kwenye dawati saa mbili asubuhi. Kazi ya kuyageuza maisha ya mtoto kuwa lugha ya ofisi ni ya mzazi, na mtoto asibebeshwe.

Msimamo wangu katika uzi huu ni kwamba mpango uandikwe kwa upana na kumbukumbu ziandikwe kwa undani. Wengi hufanya kinyume. Mwezi wa nane wanaahidi vitabu kumi na mbili kwa majina na sura, halafu mwaka mzima hawaandiki kitu, na mwezi wa sita wanakuwa na ahadi zisizotimia na siku zisizo na ushahidi.

Naanza na kalenda ya New York. Kanuni ni kifungu 100.10 cha kanuni za Kamishna wa Elimu wa jimbo. Ichapishe, uisome na kalamu mkononi.

Mtoto anayetimiza miaka 6 kufikia tarehe 1 Desemba anaanza kubanwa na sheria Septemba ya mwaka huohuo. Anayetimiza baada ya hapo anasubiri Septemba inayofuata. Kabla ya umri huo hudaiwi kitu, na hakuna sababu ya kujipeleka.

Kila mwaka, kufikia 1 Julai, unampelekea msimamizi wa wilaya yako ya shule barua ya kusudio. Ukimtoa mtoto shule katikati ya mwaka, una siku 14 tangu siku ya kuanza. Barua yenyewe ni sentensi mbili: jina la mtoto, umri, anwani, na kwamba atasomeshwa nyumbani mwaka huu. Falsafa yako ya malezi usiiweke humo.

Wilaya inakujibu ndani ya siku 10 za kazi, ikikupa nakala ya kanuni na fomu ya Mpango Binafsi wa Masomo ya Nyumbani, kifupi IHIP. Unairudisha ndani ya wiki 4 tangu uipokee au kufikia 15 Agosti, lolote litakalokuwa la mwisho. Wao wanaipitia ndani ya siku 10 za kazi au hadi 31 Agosti. Wakiona upungufu wanakuandikia, nawe una siku 15 au hadi 15 Septemba kurekebisha. Baada ya hapo ni ripoti nne za robo mwaka, tarehe unazipanga mwenyewe ndani ya IHIP zikiachana kwa usawa, na tathmini ya mwaka inayokwenda pamoja na ripoti ya nne.

Kosa linaloumiza familia kuliko yote ni kumtoa mtoto shule kimyakimya na kungoja waulize. Shule inaendelea kuandika utoro, na utoro ukirundikana suala linahama kutoka elimu na kwenda ustawi wa watoto, kwamba mzazi ametelekeza elimu ya mtoto. Kwa hiyo barua iende siku ileile, kwa rejista yenye risiti ya kupokelewa, na nakala kwa mwalimu mkuu. Ndani ya jiji la New York hati zinakwenda ofisi kuu ya kusomesha nyumbani ya idara ya elimu ya jiji. Kumkabidhi mwalimu mkuu peke yake hakutoshi.

MamaZuhura_Buffalo

Ahsante sana kaka Kalamu. Hapo kwenye IHIP ndipo wengi tunakwama. Fomu ina masomo mengi, na mtu anayemfuata mtoto hajui mwezi wa kumi na moja mtoto atakuwa amevutiwa na nini. Ataandika nini bila kudanganya?

KalamuYaMwanzi

Dada, soma maneno ya kanuni taratibu. Kwa kila somo inataka orodha ya mihutasari, vifaa vya mtaala, vitabu vya kiada, *au* mpango wa kufundisha. Hiyo “au” ndiyo mlango wako. Chagua mpango wa kufundisha, na uandike mada pana pamoja na njia, bila kujifunga kwenye kitabu kimoja.

Mfano wa hesabu kwa mtoto wa darasa la 4 (hati yenyewe utaiandika kwa Kiingereza):

*“Mwaka huu tutashughulikia kuzidisha na kugawanya namba nzima, sehemu, vipimo vya urefu, uzito na ujazo, muda, fedha, na kusoma grafu. Njia zitakazotumika ni pamoja na upishi, ununuzi, kazi za mbao, michezo ya bao na karata, na vitabu vya maktaba kadiri vitakavyohitajika.”*

Hakuna uongo hapo. Mtoto wa miaka tisa anayeishi na watu wazima wanaopika, wanaonunua na wanaolipa bili atapita kwenye hayo yote. “Ni pamoja na” na “kadiri vitakavyohitajika” zinakuachia nafasi ya kugeuka.

Masomo ya darasa la 1 hadi la 6: hesabu, kusoma, tahajia, kuandika, lugha ya Kiingereza, jiografia, historia ya Marekani, sayansi, elimu ya afya, muziki, sanaa za kuonekana, na elimu ya viungo. Pia elimu ya lugha mbili au Kiingereza kama lugha ya pili pale inapohitajika, na hili linawahusu watoto wetu wengi. Halafu yapo yanayosahaulika, na ndiyo yanayorudisha fomu nyingi: uzalendo na uraia, madhara ya pombe, tumbaku na dawa za kulevya, usalama barabarani pamoja na wa baiskeli, na kuzuia moto. Kila moja lipate mstari wake, hata kama ni sentensi moja.

Kwa la 7 na la 8 orodha inabadilika: zinaongezeka sanaa za vitendo na matumizi ya maktaba, na masomo makubwa yanahesabiwa kwa yuniti. Yuniti moja ni dakika 6,480, yaani saa 108. Kiingereza, hisabati, sayansi, na historia pamoja na jiografia zinahitaji yuniti 2 kila moja katika madarasa hayo mawili.

Juma_Syracuse

Wakuu, na zile saa 900 za masomo ambazo New York inadai kwa mwaka? Hapo ndipo naona anskulingi na sheria vinagombana. Mtoto anayejifunza siku nzima unamhesabia vipi?

BiRukia

Juma mwanangu, hesabu yake ni nyepesi. Darasa la 1 hadi la 6 ni saa 900 kwa mwaka, la 7 hadi la 12 ni 990. Ukizitawanya 900 katika wiki 52 ni kama saa 17 na dakika 20 kwa wiki. Kanuni haisemi zianze Jumatatu ziishe Ijumaa. Jumamosi sokoni inahesabika, na jioni ya kutazama nyota inahesabika. Kwa robo ni saa 225, na kwa wakubwa 247 na nusu.

Shida haiko kwenye kufikisha saa. Iko kwenye kuona somo ndani ya shughuli, na kuligawa kwa uaminifu. Chukua asubuhi moja ya maandazi na mtoto wa miaka tisa, saa 2 kamili kuanzia kupima unga hadi kufuta meza.

Pishi la unga vikombe 4 linataka tui robo tatu ya kikombe. Mwambie apike nusu. Unga ni rahisi. Tui linakuwa tatu ya nane ya kikombe, naye atagundua kwamba kikombe cha kipimo hicho hakimo kwenye seti. Mwache atafute njia. Kikombe cha Kimarekani kina vijiko vikubwa 16, kwa hiyo tatu ya nane ni vijiko 6. Hilo ni somo la sehemu zima, dakika 40, na limetoka kwenye haja ya kweli.

Hamira: glasi mbili zenye sukari kiasi kilekile, moja maji ya uvuguvugu, nyingine ya baridi, angalia baada ya robo saa ipi ina povu na kwa nini. Hamira inakula sukari inatoa hewa ya kaboni dayoksaidi, na ndiyo inayoumua donge. Kutazama, kuuliza na kuandika alichokiona, dakika 30 za sayansi.

Mafuta yanapopata moto: yakiwaka unazima jiko, unafunika na mfuniko, humwagi maji hata tone. Dakika 10, kuzuia moto, somo ambalo wazazi wengi hawajui waliweke wapi. Iliki inatoka wapi, karafuu za Zanzibar na Pemba zilifikaje huko, tafuteni kwenye ramani: jiografia, dakika 15. Mwisho aandike kadi ya pishi kwa Kiingereza, hatua kwa hatua: kuandika na tahajia, dakika 25.

Jumla ni dakika 120, sawa na saa mlizotumia. Usiandike saa 2 za hesabu na saa 2 za sayansi kwa asubuhi ileile. Saa ya ukutani ni moja, na karatasi zionyeshe hivyo. Na mkiyapika maandazi yaleyale mara ya tano bila jambo jipya, hicho ni chai ya asubuhi, msiandike shule.

MamaZuhura_Buffalo

Bi Rukia shikamoo, hili nimelipenda. Mnaandika kwenye nini kila siku? Daftari kubwa linachosha, mtu analiacha wiki ya tatu.

BiRukia

Marahaba mwanangu. Mstari mmoja kwa tukio, kwenye simu, palepale: tarehe, kilichofanyika, dakika, somo kwa herufi mbili. “14 Okt, nusu pishi maandazi, 40 HS.” HS ni hesabu. Picha moja ya kazi ya mkono, simu yenyewe inaweka tarehe. Jumapili unahamishia kwenye jedwali lenye safu moja kwa kila somo na kujumlisha, haichukui hata nusu saa.

Jedwali hilo la Jumapili ndilo linalokuonyesha mapema kwamba muziki una wiki tano bila kitu. Ukijua wiki ya tano unatafuta ngoma, kwaya au tamasha la bure la maktaba. Ukijua siku ya ripoti umechelewa.

Anayekaa miezi mitatu na kujaza kwa kukumbuka anajulikana. Kila somo lina saa sawa, kila wiki inafanana na nyingine, hakuna siku ya mafua wala wiki ya dinosaria. Maisha ya mtoto anayefuata hamu yake hayana usawa, na jedwali lake litakuwa na vilima na mabonde. Msione haya kuyaonyesha.

KalamuYaMwanzi

Naongezea ripoti ya robo mwaka. Inataka saa za robo hiyo, maelezo ya kilichofundishwa kwa kila somo, na ama alama ama maelezo ya maendeleo. Chagua maelezo. Alama ya A ambayo hakuna aliyeisahihisha haina maana, na itakusumbua ukija kuulizwa umeipataje.

Sentensi mbili au tatu kwa somo zinatosha, lakini ziwe na vitu vya kushika. “Amejifunza sayansi kwa bidii” haisemi kitu. Hii inasema: “Amelinganisha uumukaji wa hamira katika maji ya uvuguvugu na baridi, amefuatilia umbo la mwezi kwa wiki nne na kulichora, amesoma vitabu vitatu vya maktaba kuhusu volkano. Anaweza kueleza kwa nini mwezi hubadilika umbo.”

Kuna kanuni ya asilimia 80. Kama katika somo lolote mmepita chini ya asilimia 80 ya kiasi kilichopangwa kwa robo hiyo, unatakiwa kueleza kwa maandishi. Hii si adhabu, sentensi moja inatosha: muda mwingi ulikwenda kwenye umeme na sumaku, muziki utaongezwa robo ya tatu. Sasa mnaona kwa nini nasema mpango uwe mpana? Aliyeahidi sura 30 za kitabu fulani anapimwa kwa sura. Aliyeahidi “sehemu, vipimo na fedha” anapimwa kwa alichokigusa kweli.

Kito_Rochester

Na mitihani? Nasikia New York lazima mtihani.

KalamuYaMwanzi

Lazima, lakini si kila mwaka. Darasa la 1 hadi la 3 unaweza kutumia tathmini ya maandishi kila mwaka, yaani mtu anayefaa anaandika maelezo ya maendeleo ya mtoto badala ya mtihani. La 4 hadi la 8 tathmini ya maandishi inaruhusiwa mwaka mmoja, mwaka unaofuata mtihani. La 9 hadi la 12 ni mtihani kila mwaka.

Kwa mtoto anayechelewa kusoma, na watoto wa njia hii wengine husoma vizuri kwenye miaka tisa au kumi, mpangilio una maana kubwa. Tathmini ya maandishi la 4, mtihani la 5, tathmini la 6, mtihani la 7, tathmini la 8. Kwa miaka minane ya kwanza atakuwa amefanya mitihani miwili tu, na wa kwanza ukiwa mwisho wa la 5.

Mtihani uwe kati ya inayokubalika: Iowa, Stanford, California na mingineyo. Alama ya jumla iwe juu ya nafasi ya 33 kwa 100 kitaifa, yaani awe amewapita kama watoto 33 katika kila 100, au ionyeshe ukuaji wa mwaka mmoja wa masomo ukilinganisha na mtihani uliotangulia. Angalia neno “jumla”: anayesoma vizuri sana na kuyumba kwenye hesabu anaweza kuvuka. Akishindwa anawekwa chini ya uangalizi hadi miaka miwili na unaandika mpango wa kurekebisha. Na ni wakati wa uangalizi tu ambapo msimamizi anaweza kudai kuja nyumbani, tena kwa notisi ya maandishi ya siku 3.

Mtihani unaweza kufanyika nyumbani, ukisimamiwa na mwalimu mwenye cheti cha jimbo au mtu mwingine anayefaa, lakini msimamizi wa wilaya awe amekubali mtu huyo. Omba idhini kwa maandishi mapema, mwezi wa pili au wa tatu, na hiyohiyo kwa mtu atakayeandika tathmini. Mtihani uliofanywa bila idhini wilaya inaweza kuukataa, na Juni hakuna muda wa kurudia.

Wiki mbili kabla, mzoeshe mtoto umbo la mtihani: kujaza viduara, kufuata muda, kuruka swali gumu na kurudi. Mtoto asiyewahi kuona karatasi ya viduara hupoteza alama kwa kusogeza mstari mmoja tu, na hilo halina uhusiano na anachokijua.

Mwl_Erie

Wakuu, kwa Pennsylvania naomba nafasi, maana watu wanachukua ushauri wa New York na kuupeleka kule, na haviendani. Sheria ni ya mwaka 1988, ikarekebishwa 2014.

Huku hakuna ripoti za robo mwaka wala IHIP. Kuna hati ya kiapo mbele ya notari (mthibitishaji wa hati), au tamko lisilo la kiapo ambalo nalo linakubalika. Lazima imfikie msimamizi wa wilaya *kabla* ya kuanza, na kila mwaka baada ya hapo kufikia 1 Agosti. Msichanganye na zile siku 14 za jirani. Mtoto akikosa shule siku 3 bila ruhusa ni mtoro kisheria, siku 6 ni mtoro sugu. Anayemtoa mtoto Jumatatu na kupeleka kiapo wiki inayofuata ameshajitengenezea kesi.

Kiapo kinaambatana na malengo ya kila somo na ushahidi wa chanjo na huduma za afya, au msamaha unaoruhusiwa. Malengo hayo sheria inasema waziwazi kwamba msimamizi hawezi kuyatumia kuamua kama unafuata sheria au hapana. Kwa hiyo yaandike mafupi na mapana: “Kuendelea kukuza uwezo wa kusoma aina mbalimbali za maandishi.” Ukurasa mmoja kwa masomo yote unatosha.

Mambo mawili yanawahusu sana watu wetu. Kwanza, mzazi anayesimamia masomo lazima awe na cheti cha sekondari au kilicho sawa nacho. Mwenye cheti cha Kenya au Tanzania, kiko kwa Kiingereza, andaa nakala safi. Mwenye Diplôme d'État ya Congo, pata tafsiri iliyothibitishwa kabla, usingoje kudaiwa. Pili, kiapo kinasema masomo yanayotakiwa yanatolewa kwa Kiingereza. Hilo halikuzuii kuzungumza Kiswahili nyumbani, kusoma hadithi za Kiswahili wala kuziweka kwenye jalada, yaani faili la kazi na kumbukumbu za mtoto za mwaka. Lakini ushahidi wa kila somo linalotakiwa uwepo kwa Kiingereza. Jalada lote likiwa la Kiswahili, mtathmini, yaani mtu anayelikagua kila mwaka, hana cha kusimamia.

Mtoto aliyetambuliwa rasmi kuwa na mahitaji maalumu, mpango wake unahitaji kibali cha maandishi cha mwalimu wa elimu maalumu mwenye cheti au mwanasaikolojia mwenye leseni, kiambatane na kiapo.

Muda ni siku 180, au saa 900 kwa madarasa ya chini na 990 kwa sekondari. Ni “au”, mkuu Juma. Kwa njia hii siku ni rahisi kuliko saa: unaweka alama kwenye kalenda siku ambayo kujifunza kumefanyika. Katika siku 365 kuzipata 180 za kweli si shida.

MamaZuhura_Buffalo

Jalada linakuwa na nini ndani, mwalimu?

Mwl_Erie

Kumbukumbu zilizoandikwa wakati uleule wa kujifunza, zikitaja kwa majina vitabu na maandishi yaliyotumika. Chapisha orodha ya vitabu mlivyoazima maktaba, inaokoa kazi nusu nzima. Halafu sampuli za kazi. Kwa darasa la 3, la 5 na la 8, matokeo ya mtihani wa kitaifa au wa jimbo wa lugha na hesabu, ambao mzazi haruhusiwi kuusimamia mwenyewe. Sheria haikuweka alama ya kuvuka.

Sampuli tatu kwa somo: Septemba, Januari, Mei. Mtathmini anatafuta maendeleo endelevu, na hawezi kuyaona kwenye kazi nzuri kumi za wiki moja. Barua ya Septemba yenye mistari minne na ya Mei yenye ukurasa mmoja na nusu zinatosha kusema yote. Msirekebishe makosa kwenye ile ya Septemba, yaacheni. Kwa muziki na viungo weka picha, tiketi, programu ya tamasha.

Mtathmini anazungumza na mtoto, anapitia jalada, na kuandika cheti kwamba elimu inayofaa inatolewa. Anaweza kuwa mwalimu mwenye cheti cha Pennsylvania na uzoefu, mwalimu au mkuu wa shule binafsi anayekidhi masharti, au mwanasaikolojia mwenye leseni. Mzazi hawezi. Malipo ni juu yako. Tangu mabadiliko ya 2014 wilaya inapokea cheti peke yake, kufikia 30 Juni. Jalada linabaki nyumbani; ofisi ikiliomba kwa mazoea, jibu kwa adabu na peleka cheti.

Mtafute mwezi wa pili. Muulize: unaifahamu njia ya kumfuata mtoto? Unataka kurasa ngapi? Mnaonana ana kwa ana au kwa video? Kiasi gani? Mtathmini anayetaka kuona vitabu vya mazoezi vimejazwa hatakuwa na raha na wewe, wala wewe na yeye.

Babu_Kiwanja

Nimesoma yote. Karatasi mmezieleza vizuri. Lakini swali langu ni la mtoto mwenyewe: asipotaka kugusa hesabu mwaka mzima, mtaandika maandazi mpaka lini?

BiRukia

Swali la haki kabisa, kaka. Kumfuata mtoto si kumwacha. Mtoto wa miaka saba asiyependa kuandika namba lakini anacheza bao, anagawa peremende, anasoma saa, huyo anafanya hesabu. Mtoto wa miaka kumi na moja ambaye miezi minne haina kitu kwenye safu ya HS, hapo mzazi ana kazi. Atafute kwanza kinachomkwaza: macho, aibu ya shule aliyotoka, lugha ya maswali ya Kiingereza. Kisha amletee hesabu kwenye kile anachokipenda: mpira una takwimu, kushona kuna vipimo, kompyuta ina programu za kuandika. Na mkubaliane naye waziwazi kwamba jimbo linadai kitu hiki. Watoto wanaelewa makubaliano. Dakika 20 kwa siku mara nne kwa wiki hazivunji njia yoyote ya malezi.

Na kama baada ya hayo yote safu bado ni tupu, usiijaze kwa kalamu. Mtafutie mwalimu.

Kito_Rochester

Wenye ndugu Ohio na Texas wasome wapi?

KalamuYaMwanzi

Huko ni wepesi zaidi. Ohio ilibadilisha sheria Oktoba 2023: taarifa kwa msimamizi ndani ya siku 5 tangu kuanza, kisha kufikia 30 Agosti kila mwaka. Masomo ni Kiingereza, hisabati, sayansi, historia, serikali na maarifa ya jamii. Tathmini ya mwaka imeondolewa. Texas hakuna taarifa ya kila mwaka. Shule ya nyumbani inahesabiwa kama shule binafsi, na mtaala uwe wa kweli ukigusa kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Ila mtoto aliyekuwa shule ya umma lazima utoe barua ya kumwondoa. Massachusetts ni kinyume, wanataka kibali kabla ya kuanza. Kumbukumbu za Bi Rukia ziandikeni hata Texas, maana familia zinahama.

Juma_Syracuse

Na wilaya ikidai zaidi ya sheria? Mfano fomu yao inauliza ratiba ya kila siku na kazi ya mzazi.

KalamuYaMwanzi

Fomu ya wilaya si sheria. Toa vyote ambavyo 100.10 inavitaka, na kwa vilivyozidi andika: “Kifungu 100.10 hakitaki taarifa hii, nimeambatanisha yanayotakiwa.” Kwa maandishi, kwa lugha ya heshima, bila vitisho vya mahakama. Wakipiga simu, waombe waandike. Mara nyingi ni karani mpya aliyerithi fomu ya zamani. Usiongeze vitu kwa kutaka kuwafurahisha, kwa sababu mwaka unaofuata vitadaiwa kwako na kwa familia nyingine zote za wilaya hiyo. Lakini tarehe zako mwenyewe zisichelewe hata siku moja; anayechelewesha ripoti hana nguvu ya kubishana juu ya fomu.

Kito_Rochester

La mwisho: cheti cha kumaliza sekondari, na mtu akihama katikati ya mwaka.

Mwl_Erie

Pennsylvania mzazi msimamizi anaweza kutoa diploma kwa fomu ya idara ya elimu ya jimbo, ikasainiwa pia na mtathmini wa darasa la 12, na inatambuliwa kisheria. Kule New York mzazi hatoi diploma ya jimbo. Wengi huomba barua ya msimamizi kwamba masomo yalikuwa sawa kwa kiini na ya sekondari, au hufanya mtihani wa GED, au hukusanya krediti 24 za chuo; njia hizo mbili za mwisho hutoa diploma inayohesabiwa sawa na ya sekondari. Anayeelekea njia ya krediti apange tangu la 10, krediti zinagawanywa kwa masomo maalumu.

Kuhama ndani ya Pennsylvania: siku 30 kabla, mwombe msimamizi wa wilaya unayotoka barua ya uhamisho, kwa rejista, uipeleke wilaya mpya. Ukihamia Pennsylvania kutoka jimbo lingine, kiapo kifike kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Ukihamia New York, zile siku 14 zinaanza. Begani ubebe cheti cha mwisho cha mtathmini, matokeo ya mitihani na kumbukumbu za mwaka huo. Sanduku la vitabu linaweza kuja baadaye na lori.